Mchungaji Mpya, Usharika wa Kwanza: Anza na Daftari la Bahasha

Bwana Yesu asifiwe, mdogo wangu.

Barua ya kupangiwa kazi imekufikia. Umetoka chuo chetu cha theolojia cha Makumira na Kiyunani chako na Kiebrania chako, umebarikiwa, umepiga picha na baba askofu, na sasa unapelekwa kwenye usharika wenye mitaa mitatu (vituo vya ibada chini ya usharika), wainjilisti mmoja na nusu (huyo nusu ni mzee aliyestaafu ila hajapatikana wa kumpokea), na jengo jipya la kanisa lililofika kwenye linta likasimama. Mimi nimestaafu. Nilitumika mlimani Kilimanjaro, baadaye pembezoni mwa Dar es Salaam, na wachungaji vijana bado hunipigia simu wakiuliza jambo lilelile kwa maneno tofauti: watu wanapungua, nifanyeje? Nimeona niliandike mara moja, kwa sababu kwenye simu kila mmoja nilikuwa nampa kipande tu.

Nitaweka msimamo wangu mezani mapema. Washarika wetu hawatuhami kwa sababu ya mafundisho. Ni wachache mno waliowahi kuniambia wameondoka kwa kuwa tunabatiza watoto wachanga au kwa kuwa liturgia yetu ni ndefu. Wengi waliondoka taratibu, na walipokuwa wanaondoka hakuna aliyegundua. Inasikitisha zaidi kwa sababu sisi KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ni watu wa kuandika kila kitu. Kitabu kinachoonyesha nani anapotea tunacho. Kipo kabatini kwa mhazini, na tunakisoma kwa jicho la mdai.

Kusoma daftari

Kwa asiye Mlutheri anayesoma hapa: kila msharika mtu mzima ana namba yake ya bahasha. Mwanzoni mwa mwaka anaandika ahadi, kisha Jumapili kwa Jumapili anatumbukiza kapuni bahasha yenye namba hiyo. Wazee wakishahesabu, mhazini anaingiza kiasi kwenye mstari wa mwenye namba. Daftari hilo, au siku hizi faili la kompyuta, huchangamkiwa mara moja kwa mwaka, majira ya mavuno, ili kutoa orodha ya wenye madeni.

Wewe lifungue wiki ya kwanza. Kabla kwaya hazijakualika chai, kabla hujapelekwa kukagua linta. Mwombe mhazini akae nawe alasiri nzima, na umweleze unachotafuta. Hutafuti viwango. Ikibidi, funika safu ya fedha kwa karatasi. Unatafuta mahali mstari ulipokatika. Mtu aliyekuwa anatoa kila Jumapili, hata kama ni mia tano, halafu akanyamaza miezi mitatu, huyo kuna jambo limempata. Asiyetoa chochote tangu aandikishwe ni habari nyingine, anaweza kusubiri. Na yule anayetoa mara mbili kwa mwaka, Krismasi na Pasaka, kwa noti nyekundu nyingi, wazee watakuambia ndiye nguzo ya usharika. Msalimie, mshukuru, geuza ukurasa.

Majina ya waliokatika yaandike kwenye karatasi yako mwenyewe. Usiyataje barazani, usiyatume kwenye kundi la WhatsApp la wazee. Mtafute mwenyekiti wa jumuiya ya kila mmoja, ana kwa ana, umuulize: huyu ndugu yetu anaendeleaje? Majibu utakayopata nayajua karibu yote. Anaumwa, au anauguza. Amepoteza kazi, naye anaona aibu kupita mbele ya kapu mikono mitupu. Binti yake amepata ujauzito na baba ameacha kuja ili asiangaliwe. Ndoa imevunjika. Amehama nyumba, amepanga mbali, nauli ya bodaboda inamshinda. Amehamia kwa walokole. Na usishangae kukuta aliyefariki mwaka jana, tena tukamzika sisi wenyewe, bado anadaiwa ujenzi.

Hapa nitoe tahadhari ya siku hizi. Watu wengi sasa wanatuma sadaka kwa lipa namba, na fedha inayoingia kwa simu mara nyingi haifiki kwenye mstari wa mwenye bahasha. Daftari litakuonyesha mtu amekatika, kumbe anatoa kila wiki kutoka Tunduma alikohamishiwa kikazi. Kubaliana na mhazini kwamba kila anayetuma aandike au atume ujumbe wa namba yake ya bahasha, na kila mwezi taarifa ya simu ilinganishwe na daftari, jina kwa jina. Ni kazi ya kuchosha. Lakini ukienda kumpa pole mtu asiye na tatizo, utachekwa, na ukimwacha mwenye tatizo kwa kudhani katuma kwa simu, itakuwa vibaya zaidi.

Kisha nenda. Usiende na mhazini. Usiende na kitabu cha risiti hata kama kimo ndani ya mkoba. Enda na mwenyekiti wa jumuiya au mzee mmoja anayejua kunyamaza. Mjini piga simu kwanza, maana watu wanatoka alfajiri na kurudi usiku. Kijijini utafika tu, ukibisha hodi watakutafutia kiti. Kaa. Kunywa ulichopewa, hata kama ni chai ya tano siku hiyo. Usiseme "hatukuoni kanisani", kwa sababu sentensi hiyo inamgeuza mwenyeji kuwa mshtakiwa nyumbani kwake. Sema umekuja kumjulia hali. Yeye mwenyewe ataanza kueleza mambo ya bahasha, wote huanza nayo, na hapo ndipo umwambie: hilo tuliache, habari za nyumbani? Kabla ya kuondoka omba, ukiwataja watu wa nyumba ile kwa majina, pamoja na mgonjwa aliyeko chumba cha ndani ambaye hukuonyeshwa.

Katika usharika mmoja wa mjini kulikuwa na mama muuza mitumba, mwimbaji wa kwaya ya akina mama, mstari wake umekatika kuanzia Februari. Wazee walikwisha kunipa jibu: amehamia kwa nabii. Ni kweli alikuwa amehamia. Nilikwenda nikakuta mtoto wake wa kiume amelazwa wodini wiki nyingi kwa selimundu, na mama alikuwa analala kwenye mkeka chini ya kitanda. Waumini wa yule nabii walikuwa wanapita wodini kila Jumamosi na uji. Kutoka kwetu alikuwa amepokea kitu kimoja tu, barua yenye muhuri wa usharika ikimkumbusha ahadi ya ujenzi. Alinionyesha. Alikuwa ameihifadhi ndani ya Biblia. Sikumwomba arudi. Tulipanga akina mama wawili wa kwaya wawe wanapeleka chakula siku za Jumanne na Alhamisi, ambazo wale wenzetu hawakuwa wanakwenda, na tukaendelea hivyo mpaka mtoto aliporuhusiwa. Alirudi kuimba siku nyingi baadaye, kwa hiari yake, na nadhani hata leo akipata nafasi anasali pande zote mbili. Mimi halinisumbui.

Na barua za madeni? Zifute. Peleka hoja kwenye Kamati ya Fedha kwamba makumbusho ya ahadi yatolewe kwa wote mara moja, kutoka madhabahuni, bila majina. Watapinga mwaka wa kwanza. Subiri, leta tena.

Msiba usiwe dirisha la makusanyo

Linafuatana na hilo la daftari. Katika sharika nyingi, mtu akifa, swali la kwanza ofisini ni kama alikuwa "mshiriki hai". Familia iliyo kwenye kilio inatumwa kutafuta kadi, inalipa malimbikizo ya marehemu ndipo mchungaji apangiwe ibada. Taratibu za dayosisi yako zifuate, sikufundishi uasi. Lakini taratibu nyingi zinamwachia mchungaji nafasi kubwa kuliko anavyokubali. Mzike mtu. Nenda mwenyewe, usitume mwinjilisti kwa maskini na kwenda mwenyewe kwa tajiri. Kijiji kizima kinahesabu hilo. Mlimani marehemu anazikwa kwenye kihamba chake, yaani shamba la ukoo, na waliosimama chini ya ile migomba ni pamoja na wanawe waliotoka Dar na Arusha usiku kucha, ambao hawajaingia kanisani tangu kipaimara. Mahubiri yako ya dakika kumi na tano pale ndiyo pekee watakayoyasikia mwaka huo. Usiyatumie kuwasema.

Ukiwa mwanamke, tarajia kwamba mjomba fulani atakuuliza mchungaji atafika saa ngapi. Wanawake wa kwanza katika KKKT walibarikiwa mwaka 1991, na bado swali hilo linaulizwa. Vaa kola yako, mjibu ameshafika, endelea na ratiba.

Jumuiya

Wageni wakiliona kanisa letu wanaona jengo. Lakini ukitaka kujua usharika wako utakuwepo baada ya miaka ishirini, nenda jumuiya, ile ibada ndogo ya nyumba kwa nyumba, Jumamosi saa 12 asubuhi au siku yoyote mliyopanga. Hudhuria jumuiya zote kwa zamu ndani ya miezi sita ya mwanzo, na usihubiri. Mwache mwenyekiti aongoze. Angalia nani anasoma Neno, nani anaombewa, na dakika ngapi zinatumika kwa sadaka na michango. Nimewahi kukaa kwenye jumuiya ambayo Neno lilichukua muda wa kupika chapati moja na michango ikachukua saa nzima.

Mambo ya kurekebisha ni madogo. Ibada isizidi dakika arobaini, watu wana kazi. Mchango wa dharura utangazwe mwishoni na asiyekuwa nacho asiulizwe. Kisha lipo hili la wapangaji, ambalo wazee wenye nyumba zao hawalioni kabisa. Jumuiya inazunguka nyumba kwa nyumba. Kijana mwenye chumba kimoja cha kupanga, choo cha pamoja, mwenye nyumba mkali, akiona zamu yake inakaribia anaanza kukosa. Baada ya hapo harudi. Mjini tumepoteza kizazi kizima cha vijana waliotoka mikoani kwa ajili ya viti na chai. Weka utaratibu kwamba zamu inaweza kufanyika uani, kwenye mkeka, au kwa jirani wa jumuiya, na kwamba chai ni marufuku kwa wote. Ukiiacha chai iwe hiari, wenye uwezo watapika, na wasio na uwezo wataendelea kutoroka.

Wanaotafuta uponyaji

Najua linalokuumiza ni spika za jirani. Umejenga mahubiri yako kwa umakini, halafu ng'ambo ya barabara kuna hema, kuna mafuta, kuna maji, na nusu ya vijana wako wako kule Jumatano usiku. Utashawishika kufanya moja kati ya mawili, kuwashambulia au kuwaiga. Yote mawili nimeyaona yakifanywa na wachungaji wazuri kuliko mimi na hayakuzaa kitu.

Njaa hiyo usiidharau, kwa maana ni yetu pia. Mwaka 2011 Watanzania kwa maelfu walilala barabarani kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500, na aliyekuwa akikitoa, Ambilikile Mwasapile, alikuwa mchungaji mstaafu wa kanisa letu hilihili. Februari 2020, pale Moshi, watu 20 walifariki kwa kukanyagana wakikimbilia mafuta ya upako uwanjani. Ukiwa mchungaji wa mjini, inawezekana kabisa waliokuwa uwanjani siku ile ni washarika wa mtu fulani. Walikwenda kwa sababu wanaumwa, wana madeni, hawana kazi, na mtu alikuwa amewaahidi kuwagusa.

Sisi tunayo maombi kwa wagonjwa. Yamo kwenye kitabu chetu cha ibada, na wachungaji wengi huyatumia hospitalini tu, tena kwa haraka. Yatoe huko. Jumapili moja kila mwezi, baada ya baraka ya mwisho, baki mbele na wazee wawili waliokomaa, mmoja mwanamke. Anayetaka kuombewa aje. Muulize jina na shida kwa sauti ya chini, mwekee mkono, omba kwa maneno machache. Hakuna sadaka ya maombi, hakuna kipaza sauti, hakuna kutoa ushuhuda kwa kulazimishwa. Na kila mmoja anayetumia dawa, za presha, za kisukari, ARV, mwambie palepale aendelee kuzitumia. Jumapili za kwanza watakuja vikongwe watatu. Usivunjike moyo, wanaume huanza kuja baada ya kuona hakuna anayetangazwa.

Kama kuna kikundi cha uamsho ndani ya usharika, wale wanaofanya maombi ya usiku wa Ijumaa, usikifungie mlango. Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukaenea mpaka Bukoba uliwatikisa sana viongozi wa makanisa wakati ule, na bado sehemu kubwa ya waliookoka walibaki ndani ya makanisa yao wakawa wainjilisti, wazee na maaskofu. Hudhuria. Keti nao. Ukiwapo, mambo ya ajabu hupungua yenyewe.

Kuhusu ibada ya Jumapili nitasema kwa kifupi. Matangazo dakika kumi, yaliyobaki yabandikwe ubaoni. Mahubiri dakika ishirini. Kwaya ziimbe kwa zamu, kwa sababu kwaya tano zikiimba nyimbo mbilimbili, hiyo si ibada tena, ni tamasha lenye sadaka katikati.

Baada ya kipaimara

Mtoto anasoma kipaimara miaka miwili. Anakariri Katekisimo Ndogo, anavaa nguo nyeupe, nyumbani kunafungwa turubai, anachinjwa mbuzi, na Jumapili inayofuata ile benchi yao iko tupu. Hili utalikuta kila mahali, na kila mkutano mkuu wa usharika utalilalamikia kwa kusema vijana wa siku hizi.

Fanya hivi. Ukiwa na miezi sita kabla ya siku yenyewe, kaa na mwalimu wa kipaimara, mpitie majina, kila mtoto apewe kazi inayoonekana itakayoanza wiki baada ya kipaimara na si kabla. Huyu atasoma somo la Agano la Kale, huyu atakaa na mwalimu wa watoto wa Sunday school, huyu ataendesha mitambo, wawili hawa watakwenda na wazee kupeleka Chakula cha Bwana kwa wagonjwa wa nyumbani. Hiyo ya mwisho ndiyo bora kuliko zote. Mtoto wa miaka kumi na tano akibeba kile kisanduku cha vyombo vya Meza ya Bwana mpaka kwa bibi asiyeamka kitandani, anaelewa jambo ambalo darasa la miaka miwili halikumpa.

Pili, jua anakwenda shule gani. Akipangiwa bweni mkoa mwingine, tafuta mlezi wa UKWATA (umoja wa Kikristo wa wanafunzi) wa shule hiyo au mchungaji wa usharika ulio karibu, umpe jina lake. Wenzetu wa CASFETA, umoja wa wanafunzi wa Kipentekoste, wanampokea mtoto getini siku ya kwanza na godoro lake bado liko kichwani. Siwalaumu hata kidogo. Wanafanya kazi tuliyopaswa kufanya.

Tatu, viti. Kijana wa miaka ishirini na tano mwenye shahada ya uhasibu anapangiwa kubeba viti vya plastiki, huku hesabu za usharika zikifanywa na mzee asiyeona vizuri. Muweke kwenye Kamati ya Fedha, mwenye kura, na umlinde mikutano miwili ya kwanza.

Desemba mlimani

Hili ni la waliopangiwa mlimani, wengine waruke. Usharika wako Februari ni wa bibi na wajukuu. Desemba 24 magari yanaziba barabara mpaka shambani, watu wanasali wamesimama nje, na mnada wa mavuno au wa Krismasi unauza mkungu mmoja wa ndizi kwa bei ya mbuzi. Wachungaji wengi huona Desemba kama msimu wa kuvuna fedha za ujenzi. Zitapatikana, sikatai. Ila weka meza nje ya mlango, kijana mmoja na daftari, aandike kila aliyetoka mbali: jina, anakoishi, anasali wapi. Utagundua wengi hawasali popote. Wana namba ya bahasha nyumbani, wanatuma kwa simu, na kwao hiyo ndiyo dini. Januari piga simu kwa mchungaji wa kule anakoishi, mpe majina, andaa barua za uhamisho bila kusubiri kuombwa. Wazee wako watalia kwamba unawapa wengine watu wetu na mapato yetu. Ni kweli unawapa. Waeleze kwamba mtu asiyesali kule Tegeta, Dar, hataendelea kutuma sadaka huku Machame kwa miaka mingi, na watoto wake hawatatuma kabisa.

Fedha za nje na mshahara wa mwinjilisti

Kanisa letu liliundwa mwaka 1963 kwa kuungana makanisa saba, na nyuma ya kila moja kulikuwa na rafiki wa Ulaya au Marekani. Marafiki hao bado wapo na ni ndugu wa kweli, lakini hali yao ijue. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Freiburg walikadiria kwamba ifikapo 2060 waumini wa makanisa makubwa ya Ujerumani, Waprotestanti na Wakatoliki, watakuwa wamepungua kwa takriban nusu. Kule kodi ya kanisa inakatwa pamoja na kodi ya mapato, kwa hiyo waumini wakipungua fedha zinapungua palepale. Walutheri wa Marekani, ELCA, walianza mwaka 1988 wakiwa zaidi ya milioni 5. Leo hawafiki milioni 3. Usharika rafiki unaokutumia fedha za mabati huenda mwaka huu unajadili kuuza jengo lake.

Kwa hiyo barua yako kwa marafiki isianze na bajeti. Waulize wanaendeleaje, uwaombee kwa majina Jumapili, na uwaambie mmewaombea. Mkiomba kitu, kiwe cha kuisha: ada ya mwaka mmoja ya kumsomesha mtu, kwa mfano. Kamwe kisiwe mshahara.

Mshahara ni wetu. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Mwaka 1920 wamisionari Wajerumani wa Leipzig walipoondolewa na serikali ya Waingereza, sharika za Kilimanjaro zilishikwa miaka kadhaa na waalimu na wainjilisti wenyeji, na zilisimama. Mpaka leo mitaa yetu mingi inamwona mchungaji mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine zote ni mwinjilisti. Halafu huyohuyo ndiye anayelipwa mwisho, posho inacheleweshwa kwa ajili ya saruji, michango yake ya NSSF haipelekwi, na akistaafu anapewa kitenge cha mkewe na picha ya pamoja. Kazi yako ya kwanza kwenye Kamati ya Fedha ni kupitisha azimio kwamba kila mwezi mwinjilisti analipwa na michango yake inapelekwa kabla ya shilingi moja kwenda kwenye ujenzi. Linta itasubiri, imeshasubiri miaka.

Mapato na matumizi yabandikwe ubaoni kila mwezi, ukurasa mmoja, yakiwa na sahihi ya mhazini na yako. Weka hata deni la umeme. Wasiotoa wataendelea kutotoa, lakini uvumi utapungua sana, na uvumi ndio unaomfanya mtumishi ahamishwe kabla ya wakati. Fremu za maduka mbele ya kanisa ni wazo zuri kama barabara ina wapita njia. Nimeona za kwenye vichochoro zikikaa tupu na mkopo wa benki ukiendelea.

Wewe na nyumba yako

Jumatatu pumzika, na uitangaze. Msiba hauchagui siku, utakwenda, lakini kikao kinaweza kusogea. Mwenzi wako si mfanyakazi wa usharika. Wanao wasifanywe mfano darasani kwa mwalimu wa kipaimara. Tafuta mchungaji mmoja wa jimbo lingine wa kumwambia mambo usiyoweza kumwambia mkuu wa jimbo lako.

Ukihamishwa

Utahamishwa, wakati mwingine ukiwa ndiyo kwanza umeanza kuwajua watu kwa sauti zao. Makabidhiano yetu ya kawaida ni mihuri, funguo, hati ya kiwanja, salio la benki, orodha ya mali hadi idadi ya vikombe vya Meza ya Bwana. Yote hayo kabidhi, mbele ya mkuu wa jimbo, kwa maandishi. Kisha mchukue anayekupokea, muombe alasiri moja, mpitie ile karatasi ya waliokatika: nani umeshamfikia, nani bado, nani hataki kuonwa na mzee fulani na kwa nini, nani ana mgonjwa chumba cha ndani. Kama muda upo, nendeni pamoja kwenye nyumba tatu au nne zilizo ngumu, umtambulishe. Lile la siri ulilopewa kwenye maungamo usilitoe hata kwake. Karatasi yenyewe ichome mkimaliza, na aandike yake.